Miche Niliyomwambia Bi Tatu Apande

Sofu, Kibaha
Jumamosi, alasiri

Nyamizi, mama,

Mambo ya sweta, karanga za kukaanga, nakala za vyeti na namba ya kupiga ukifika, mama yako ameshayaandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya begi lako. Sina la kuongeza hapo. Ukisahau sweta utanunua lingine. Haya yangu hayauzwi dukani, na ningekuwa na moyo wa kiume ningekwambia kwa mdomo jana ulipoketi mbele yangu. Sikuwa nao. Sasa umekwenda Kwala kumuaga shangazi yako, nyumba imetulia, na kesho mchana unapanda ndege. Nimebaki na saa mbili tatu za kusema kweli.

Jana ulinipa andiko lako la utafiti. Ulisema, "Baba, lisome kama mtahini, usilisome kama baba." Nikalisoma. Nikakusahihishia koma, nikakuonyesha mahali ulipokosea mwaka kwenye marejeo, nikakwambia, "Zuri, mama, zuri sana." Ukafurahi, ukaniletea chai. Kwenye ukurasa wa nne umeandika kwamba wakulima wa bonde lile la Kisarawe waling'oa miche ya mikorosho waliyopewa bure kwa sababu mila zao haziwaruhusu kupokea mabadiliko, na mwisho wa sentensi umeweka jina langu. Umenukuu makala yangu, ile ile ambayo profesa anayekungoja huko ng'ambo aliipenda mpaka akataka kumwona binti wa aliyeiandika. Juu ya sentensi hiyo unakwenda kujenga miaka minne ya maisha yako. Sentensi hiyo ni ya uongo, Nyamizi. Niliitunga mimi, nikijua.

Usiache kusoma hapa. Najua ulivyo, ukiudhika unakunja karatasi. Nivumilie mpaka mwisho.

Nilipofika kijijini kwa Bi Tatu nilikuwa kijana wa Tabora mwenye daftari jipya, kinasa sauti nilichoazima chuoni na kiburi ambacho hakikuwa cha kuazima. Mwenyekiti wa kijiji alinipeleka kwake kwa kuwa alikuwa mjane na alikuwa na chumba kimoja cha ziada. Akaniuliza kabila langu. Nilipomjibu akapiga makofi. "Ala! Mtani wangu! Mmemaliza kubeba mizigo ya watu, sasa mnakuja kubeba maneno yao?" Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hilo unalijua, na mtani habishi hodi. Siku mbili nilikula wali wake nimekaa mkekani kama bwana harusi. Siku ya tatu alinitupia jembe miguuni, akatangulia njia bila kugeuka.

Nilikaa kwake miezi kumi na minane. Kila nilichokuja kukijua kuhusu kilimo na mvua, kabla sijajua kukiita kwa majina ya vitabuni, nilikipata nyuma ya mgongo wa mama yule. Alikuwa akipanda mpunga kwenye vumbi, kabla tone halijaanguka, watu wakimcheka. Mbegu yake aliigawa mafungu matatu. La kwanza alipanda juu kwenye mchanga, la pili ukingoni mwa bonde, la tatu chini kabisa kwenye tope. Vuli ikikosekana anavuna chini. Masika yakizidi na kufunika bonde, anavuna juu. Nilimuuliza anaitaje njia hiyo. Akanitazama kama anayetazama mtoto aliyeuliza kijiko kinaitwaje. "Mvua siku hizi haina adabu," akasema. "Sasa mimi niiwekee sahani moja?" Nimezunguka na sentensi hiyo nchi nyingi, nikiipamba kwa michoro, na watu wazima wenye shahada wakiinakili. Jina lake sikulitaja hata mara moja. Kwenye karatasi zangu aliitwa mtoa taarifa.

Ardhi haikuwa yake. Hapo ndipo penye mambo yote, kwa hiyo nikueleze taratibu. Shamba la bondeni lilikuwa la ukoo wa Mzee Kondo, na Bi Tatu alikuwa ameliazima tangu alipokuwa mke kijana. Hapakuwa na kodi wala maandishi. Kila baada ya mavuno alijaza pakacha moja la mpunga mpya, akajitwisha, akaenda nyumbani kwa Mzee Kondo, akalitua mlangoni na kusema, "Shamba lako linakusalimu." Mzee anapokea, wanakunywa uji, basi, mwaka umekwisha. Lakini lilikuwepo sharti moja ambalo hakuna aliyehitaji kulitamka. Aliyeazima hupanda mihogo, mpunga, kunde, chochote kinachoondoka na msimu. Mti hapandi. Mti unakaa, na mwenye kupanda kitu kinachokaa anasema amekuja kukaa. Kwa watu wa pale, ukipanda mkorosho kwenye ardhi ya mwenzio umeshamwambia kwamba ardhi ni yako, hata kama hujafungua mdomo.

Nani alilijua hilo kuliko mimi? Sura nzima ya tasnifu yangu inahusu hilo. Mtahini mmoja alisema ndiyo sura bora. Nilipata udaktari kwa kueleza kwa nini aliyeazima shamba hapandi mti.

Unamkumbuka Bi Tatu, najua unamkumbuka. Ulimwita Bibi wa Kisarawe. Ulikuwa ukienda naye shambani likizo za Desemba, ukirudi na tope mpaka masikioni, na yeye akikuita "Mnyamwezi mdogo, mzigo mwepesi". Umeandika habari zake kwenye utangulizi wa andiko lako, kwamba ni yeye aliyekufanya upende kazi hii. Nilipofika hapo jana nilijifanya nakohoa.

Ukaja mradi. Sitautaja jina, umeshakufa na waliouendesha wametawanyika. Ulikuja na maneno matamu ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi na kuwainua wanawake. Walitaka mtu anayeijua Kisarawe, wakaniita. Kila mwanamke anayelima bondeni angepewa miche ya mikorosho aipande ukingoni, izuie udongo, na korosho zimsaidie mpunga unapokauka. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Mimi nilikaa kwenye kikao kile nikijua kwamba karibu wanawake wote wa bonde lile wameazima. Nikafungua mdomo. Kiongozi wa mradi akatazama saa. "Daktari, kuna tatizo? Maana miche iko kwenye gari." Nikasema, "Hapana, hakuna tatizo."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilidhani tungerekebisha baadaye. Si kweli. Kusema kungemaanisha kuanza upya, kwenda kwa wenye ardhi nyumba kwa nyumba, masika yapite, ripoti ichelewe, na mimi nionekane mtu wa kukwamisha mambo. Nilikuwa nimeshanong'onezwa kwamba awamu ya pili ingekuwa yangu kuiongoza. Niliuza ukweli kwa bei ya cheo ambacho hata sikuja kukipata.

Bi Tatu alipopewa miche aliipanga nyuma ya nyumba, akaimwagilia, wala hakuipanda. Wiki nzima. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye afanyeje, kwa hiyo bonde zima halikupandwa. Nikatumwa. Nilimkuta anapepeta mpunga.

"Mwanangu," akasema bila kusimamisha ungo, "mti huu hautaleta maneno?"

"Maneno gani, mama?"

"We! Usinifanye mtoto. Nimekufundisha mwenyewe."

Nikacheka. Nakichukia kicheko kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya. Nikamwambia zama zimebadilika, huu ni mti wa mradi, kila mtu anajua, Mzee Kondo ataelewa.

"Umeongea naye?"

"Nitaongea naye."

Akaweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye khanga. "Haya. Msomi ni wewe." Kesho yake akapanda, na wenzake wakapanda.

Sikuongea na Mzee Kondo. Nilikuwa na safari, kisha nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, kisha nikawa nimesahau kwa makusudi, maana kusahau kwa namna hiyo kupo, nawe utakuja kukujua usipojihadhari.

Mavuno yalipofika Bi Tatu alijaza pakacha lake kama kila mwaka, akaenda akatua mlangoni, akatoa salamu yake. Mzee Kondo hakuligusa. Alisema, "Rudi nalo, Tatu. Mwenye shamba hampelekei mtu mpunga." Ndiyo maneno yote. Mama mzima akajitwisha tena pakacha na kurudi nalo mchana, watu wakiona. Habari ziliposambaa, wanawake wengine walikwenda wenyewe wakang'oa miche yao kabla wenye ardhi hawajaiona. Yeye hakung'oa. Aliona kuing'oa baada ya kutuhumiwa kungekuwa kukiri kwamba alitaka kudhulumu. Na zaidi ya hapo, aliamini kwamba mimi nilisema nitaongea, kwa hiyo nitaongea.

Akanipigia simu. "Mwanangu, njoo umwambie mzee kwamba mti ulikuja na gari." Nikamwambia nakuja. Akapiga tena kuniambia shauri limepelekwa baraza la kata, akanitajia siku. Niliwauliza wenye mradi. Wakaniambia mradi haujihusishi na migogoro ya ardhi, na kwamba nikienda kusema pale nitakuwa nasema kwamba mradi ndio ulioleta mgogoro. Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya baraza nilikuwa Kibaha hapa hapa, ofisini, simu nimeizima mlio na kuilaza kifudifudi mezani. Iliita mara nne. Nilikuwa naiona meza ikitetemeka.

Alishindwa. Hakuwa na la kusema ila kwamba aliambiwa apande, na aliyemwambia hakuwepo. Vijana wa Mzee Kondo waling'oa mikorosho, na shamba alilolima tangu ujana wake likawa si la kuingia tena.

Ndipo mradi ulipotaka ripoti ya kwa nini miche haikudumu. Unadhani niliandika nini? Niliandika kwamba wanajamii wana mtazamo hasi juu ya miti, kwamba mila zinazuia wanawake kuwekeza kwenye mazao ya kudumu, kwamba inahitajika elimu. Elimu! Kisha ripoti nikaifanya makala, makala ikasomwa, nikaalikwa huku na huku. Nimekula sambusa za makongamano mangapi juu ya ujinga wa mtu aliyenifundisha! Kwa makala hiyo nilipandishwa cheo chuoni. Tulipoongeza vyumba viwili nyuma, kile unacholala wewe na kile cha vitabu, ni mshahara wa cheo hicho.

Sasa nifike panapouma zaidi, maana hapa nilikudanganya wewe. Uliniuliza mbona hatuendi tena kwa Bibi. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nikakwambia amehamia Lindi kwa mwanawe. Nyamizi, mwanawe alikuwa na nyumba ya kupanga hapa Sofu, nyuma ya mashine ya kusaga, na Bi Tatu aliishi humo. Ulipita mbele ya dirisha lake kila siku ukienda shule.

Nilimwona mara moja, dukani. Alikuwa ananunua mchele nusu kilo. Alikuwa ameushika kiganjani, anaunusa, na mwenye duka anamwambia, "Bibi, chukua au acha, wenzako wanasubiri." Mtu ambaye angekwambia kwa harufu tu mpunga huu ni wa ukingoni au wa topeni. Nilikuwa nimeshakanyaga kizingiti cha duka lile. Nikageuka nikarudi, nikazunguka mtaa wa pili, nikafika nyumbani bila sukari niliyotumwa. Nilimwambia mama yako duka limefungwa.

Mama yako alikuja kujua mwenyewe. Walikutana zahanati. Alirudi akakaa kitandani na viatu vyake, akaniuliza, "Yule mama alikulisha mwaka na nusu. Wewe umemlisha nini?" Nikamwomba asikwambie. Ameficha kwa ajili yangu, usimlaumu. Aliniambia pia kwamba Bi Tatu hakuniulizia mimi. Alikuulizia wewe. Alisema, "Namwona anapita na begi lake. Amekuwa mrefu. Simwiti, nisije nikamletea maneno kwao."

Nilikaa na maneno hayo miaka, na bado sikuvuka mtaa. Kuna watu husema aibu humfundisha mtu. Mimi aibu ilinifundisha kupita njia nyingine tu.

Alifariki mwaka jana. Ulituona mimi na mama yako tukienda msibani Kisarawe, tukakwambia ni mtu wa kazini. Alitaka azikwe kwao. Sasa wewe unajua utani wetu ulivyo kwenye misiba yao. Nilipokuwa kijana, alipofariki kaka yake Bi Tatu, nilinyakua jembe la wachimbaji, nikakaa juu ya udongo, nikasema hazikwi mtu hapa mpaka watani tupewe chetu. Walinimwagia unga kichwani, walinivuta miguu, wakasema Mnyamwezi apewe maiti aibebe mpaka Tabora, amezoea. Waliolia walicheka, ndiyo kazi ya mtani. Safari hii nikafanya vilevile. Uzee huu wangu na shati jeupe, nikanyakua jembe, nikasema maneno yangu kwa sauti.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenimwagia unga. Walisimama wakinitazama kama watu wanaosubiri gari lipite. Mzee Kondo alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha plastiki, macho yameanza kuingia ukungu. Akasema, kwa upole kabisa, "Mpokeeni mgeni hilo jembe, asije akajiumiza." Mgeni. Kijana mmoja akalichukua mkononi mwangu, wakaendelea kuchimba.

Baada ya maziko mzee alimtuma mtoto aniite. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nilitegemea matusi, ningeyapokea kwa furaha. Akaniambia, "Tulikungoja barazani kutwa nzima. Tatu alisema yupo mwanangu Mnyamwezi, ameandika kila kitu, atakuja aseme. Mimi nilipiga magoti nikiomba uje. Unadhani nilitaka kumfukuza Tatu? Wanangu walikuwa wananitazama, ukoo unanitazama, na miti imesimama pale. Ungekuja ukasema neno moja tu, kwamba aliyemdanganya ni wewe, ningepokea mpunga wake siku ile ile." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo haikuwa mila, Nyamizi. Mila ilikuwa imekaa kwenye benchi la baraza, imeacha mlango wazi, inamngoja mtu mmoja aingie aseme kweli. Nami nikaandika kwamba mila ndiyo iliyokataa.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu kazi yetu. Njia za utafiti utafundishwa na watu wanaozijua. Ninachojua mimi ni kwamba kazi hii ni ya kula kwa watu. Tunalala nyumba zao, tunajua nani kaazima nini kwa nani, tunajua siri ya kila shamba, kisha tunaondoka, na wao hawana pa kutusoma. Mkulima akikosea kusoma mvua, njaa inamwambia mwaka huo huo. Mimi nilikosea, nikapandishwa cheo. Hakuna mtu atakayekuja kukukamata kwa ulichoandika juu ya bonde fulani la Kisarawe. Hilo ndilo linalonitisha ninapokutazama unafunga mabegi yako, maana una akili kuliko mimi, na mwenye akili hupata sababu nzuri zaidi za kunyamaza.

Utaniuliza kwa nini sijaliandikia jarida lililochapa makala ile, nikaikana. Nimeandika barua hiyo mara tatu. Iko kwenye kompyuta, yenye lugha safi. Kila mara nimefika kwenye kutuma nikakumbuka jambo, pensheni, jina, mama yako, wewe. Usinisubiri. Mtu aliyeshindwa kuvuka mtaa mmoja wa Sofu usimtegemee avuke bahari.

Najua ninachokufanyia. Nakubebesha siku moja kabla ya safari, na ningekuwa mzazi bora ningekwambia ulipokuwa bado na muda wa kuchagua mada nyingine. Profesa wako amejenga somo lake zima juu ya makala hiyo. Ukimwambia, anaweza akakuheshimu, anaweza akakununia, anaweza hata akakuachia mkono, na hapo utakuwa peke yako kwenye baridi kwa kosa la baba yako. Ukinyamaza utapata shahada yako vizuri tu. Mimi niliipata ya kwangu. Nakuapia nimeshika mahali palipokuwa pa moyo, hakuna atakayejua.

Sikuamulii. Nimeshawaamulia watu vya kutosha. Nilikuwa nimepanga kuandika hapo juu kwamba nakupenda, nikaona ungedhani nakuhonga, nimekuwekea hapa chini. Nakupenda, mama. Naona fahari juu yako kiasi cha kuona haya. Bahasha hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, usiifungue uwanjani, mama yako atasoma uso wako.

Ila ukiamua kuandika, nisikie kwa hilo moja. Usinisitiri. Usiandike kwamba mtafiti alipitiwa, wala kwamba data zilikuwa chache, wala kwamba mazingira yalikuwa magumu. Mwandike Bi Tatu kwa jina lake, wazi, kama mtu aliyejua. Kisha andika majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye makala, na mbele yake uandike kwamba na yeye alijua.

Baba yako